Karani Akikimbia, Chukua Kikapu

Mwaka ule wa themanini na tatu, mtu mzima hakukimbia ovyo katika mji wa Mwanza. Ukimwona anakimbia, ama ameiba, ama anawakwepa mgambo wa Nguvu Kazi wanaosaka wasio na kazi, ama amesikia mahali kuna sabuni. Sababu ya nne haikuwepo. Cleophace Bagenda ndiye aliyekuja na sababu ya nne, na mji mzima ukakataa kuipokea.

Sababu yenyewe ilikuwa mazoezi. Ukimweleza mtu wa Kirumba kwamba kuna binadamu anakimbia ili apate kukimbia, alikutazama kama umemwambia kuna mtu anatafuna bila kumeza. Baada ya vita watu waliambiwa wafunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Miezi ikaisha, mikanda ikaishiwa matundu, wengine wakahamia kwenye kamba. Halafu anatokea bwana mmoja mwenye akili zake timamu, anaamka alfajiri kwenda kupunguza mwili kwa hiari yake!

Angekuwa mtu mwingine wangemwita kichaa wakamwacha apite. Balaa ni kwamba Cleophace alikuwa karani wa duka la ushirika. Yeye ndiye aliyesimama nyuma ya kaunta, mgongoni kwake rafu zilizofagiliwa zikang'aa, akijibu maswali ya wananchi.

"Sukari ipo?"

"Hakuna."

"Sabuni?"

"Hakuna."

"Mafuta ya taa?"

"Hakuna, mama."

"Sasa humu ndani mnauza nini?"

"Viberiti."

"Haya, nipe viberiti."

"Vimekwisha jana."

Kutwa nzima hivyo, mwaka baada ya mwaka. Mtaani watoto walimwita Bwana Hakuna. Hata mwanawe Ponsian, siku alipofungua kinywa kusema neno lake la kwanza duniani, halikuwa baba wala mama.

Alichokuwa nacho Cleophace ni miguu. Tangu sekondari ya misheni kule Bukoba alikuwa akikimbia mbio ndefu, akawaacha wenzake vilimani mpaka mapadri wakaacha kupiga makofi wakaanza kumtafuta kwa macho. Kisha ikaja kazi, ikaja ndoa, ikaja kaunta. Sasa timu ya mkoa ilikuwa inakwenda mashindano ya taifa Dar es Salaam, na katika mbio ndefu alipungua mtu mmoja. Siku ya mchujo Cleophace alinyimwa ruhusa, kwa sababu ilikuwa siku ya kuhesabu mali dukani. Meneja alishikilia kwamba rafu tupu nazo lazima zihakikiwe utupu wake.

Akamfuata kocha, Mwalimu Mihayo, Msukuma mrefu wa maneno machache mwenye filimbi shingoni hata akiwa kanisani. Akambembeleza wiki nzima.

"Sikiliza, Ndugu Bagenda," kocha akamwambia mwishowe. "Jumamosi asubuhi. Mzunguko mmoja wa ziwani. Mimi na saa yangu, wewe na miguu yako. Ukifika kabla ya muda ninaoutaka, unakwenda Dar. Mchana wa siku hiyo hiyo napiga simu kutaja majina. Nikishapiga, hata uje unapaa, umechelewa."

"Nitafika, Mwalimu."

"Mimi sikuulizi. Nakwambia."

Basi hicho ndicho Cleophace alichokitaka katika dunia hii, na umri ulikuwa unamtupa mkono: avae fulana ya mkoa mara moja tu, na mtu akimwona njiani aseme "yule mkimbiaji," badala ya kusema lile neno lingine.

Mzunguko wenyewe ulikuwa mzuri kuliko mambo yote mjini. Unaanzia kwenye bustani iliyo kando ya maji, karibu na kivuko cha Kamanga. Unafuata lami kuizunguka Kapripointi yote, ziwa mkono wa kulia, majabali na nyumba za wakubwa mkono wa kushoto. Unatokea stesheni ya reli, unapanda katikati ya mji, unaipita bustani ya Nyamagana na miti yake, halafu unateremka tena ziwani ulikoanzia. Lami ilikuwa na mashimo, lakini mashimo ya kistaarabu, unayaona kabla hujaingia. Alfajiri kuna ubaridi, kuna ndege weupe juu ya mawe, na hakuna anayekuuliza sukari.

Hivyo ndivyo alivyodhani.

Siku ya kwanza ya mazoezi alifika stesheni akasikia nyuma yake vishindo. Akageuka. Walikuwa kina mama watano na mzee mmoja mwenye debe.

"Usisimame, mwanangu!" mzee akamwambia akihema. "Twende tu, tuko pamoja!"

"Mnakwenda wapi, mzee?"

"Huko huko unakokwenda wewe."

"Mimi nafanya mazoezi."

Mzee akamkonyeza. "Vizuri. Na sisi tunafanya."

Siku ya pili walikuwa ishirini. Siku ya tatu aliamua kubadili saa, akaondoka bado giza, akakutana nao wanamsubiri langoni kwake, maana jirani alikuwa ameona taa inawaka mapema akaamini shehena imeingia. Siku ya nne mgambo wa Nguvu Kazi walimkamata pale Nyamagana, wakaomba kitambulisho cha kazi. Kitambulisho kilikuwa kwenye suruali, suruali ilikuwa nyumbani, na maelezo kwamba ni karani wa duka yalizidisha ubaya, kwa sababu wakati ule wahujumu uchumi walikuwa wanasakwa hadi chini ya vitanda.

"Karani wa duka, alfajiri, mbio," mgambo mmoja alihesabu vidoleni. "Unakwenda kuficha nini?"

"Sina kitu! Nimevaa bukta!"

"Ndiyo maana nauliza umekificha wapi."

Alipoachiwa akaenda kazini na hasira zake, akachukua chaki, akaandika kwenye ubao wa matangazo nje ya duka, kwa ule mwandiko wake wa misheni uliolala upande mmoja: JUMAMOSI ASUBUHI KARANI ATAKIMBIA KWA AJILI YA MICHEZO TU. HAKUNA BIDHAA YOYOTE. MSIMFUATE.

Watu wakasimama, wakasoma, wakasomewa wasiojua kusoma. Kisha wakatazamana.

"Jumamosi," akasema mmoja.

"Asubuhi," akasema mwingine.

"Na amesema hakuna," akaongeza wa tatu, na hapo wote wakaelewa kwamba ipo.

Jioni mkewe Immaculata alikuwa akipepeta uani unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Cleophace alipomweleza kuhusu ubao, aliweka ungo chini ili acheke vizuri.

"Baba Ponsian, yaani umewatangazia na siku?"

"Nimewaambia ukweli!"

"Ndiyo hivyo hivyo. Nyie mliosoma mna tabu. Miaka yote unawaambia hakuna, na usiku wanaona lori linashusha kwa mlango wa nyuma wa meneja. Leo ndiyo wakuamini?"

"Mimi sijawahi kushusha hata kijiko!"

"Najua. Ningekuwa nafulia majani ya mpapai kama ungekuwa unashusha?" Akauokota ungo. "Lakini hiyo Jumamosi, kama kuna sabuni, uniambie mimi kwanza."

Cleophace akaingia ndani akalala bila kula.

Jumamosi ikafika. Mwalimu Mihayo alikuwa wa kwanza bustanini. Chaki hakuwa nayo, ya shuleni kwake ilikuwa imekwisha, kwa hiyo akaokota mawe yaliyolingana ukubwa, akayapanga kwa mstari ulionyooka kutoka ukingo wa lami hadi ukingo wa pili, akaacha upenyo mmoja katikati wa mtu kupita. Huo ndio mwanzo, akasema, na huo ndio mwisho. Akachomoa saa yake ya mkononi, akaweka filimbi mdomoni.

Mwalimu Mihayo alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mtu wa viwanja. Hakuwa mtu wa foleni. Foleni alisimama mkewe. Angekuwa anasimama yeye, asingepanga mawe kwa mstari mahali pa wazi, mbele ya mji mzima wenye vikapu, huku karani wa duka amesimama kando yake. Siku hizo jiwe kwenye foleni ni mtu. Unaweka jiwe lako, au kopo, au kandambili moja, unakwenda kunyonyesha, unarudi, nafasi yako ipo, na atakayeligusa jiwe lako atajibu mbele ya umma. Na sabuni haikungoja duka. Lori liliweza kusimama popote, hata uwanjani, afisa akapuliza filimbi, ugawaji ukaanza.

Watu waliona mawe. Waliona filimbi. Waliona karani.

"Tayari?" Mwalimu Mihayo akauliza.

"Tayari," Cleophace akajibu.

Filimbi ikalia, naye akachomoka. Nyuma yake ulisikika mtikisiko. Nusu ya umati ilimfuata, nusu ilibaki kwenye mawe.

Alijiambia asigeuke. Akashika mwendo wake, ule aliouanza Bukoba, pumzi mbili ndani, mbili nje. Madebe yalilia nyuma yake, kanga zikapepea, mtu akajikwaa akalaani, kelele zikafifia. Alipoukaribia mwisho wa Kapripointi alisikia upepo wa ziwa tu na raba zake kwenye lami. Akatabasamu. Halafu akasikia kitu kingine. Pa, pa, pa, pa. Miguu mitupu.

"Kaka Bagenda."

Akaendelea kutazama mbele.

"Kaka Bagenda wa dukani. Ni sabuni au ni sukari?"

Akatupa jicho. Alikuwa Perez Aluoch, mama wa Kijaluo kutoka Shirati, muuza samaki wa Mwaloni. Kanga ameikaza kiunoni, kikapu begani, hata hakuwa anahema sana.

"Hakuna!" Cleophace akasema.

"Hakuna sabuni, au hakuna sukari?"

"Mama, nafanya mazoezi!"

"Fanya, kaka, mimi sikukatazi. Niko nyuma yako tu."

Akaongeza mwendo. Perez akaongeza. Akapunguza ili ampite aende zake. Perez akapunguza, kwa heshima, kama mgeni asiyetaka kuingia nyumba ya watu kabla ya mwenyeji.

"Kaka, mimi nakuambia ukweli," akasema pembeni yake, wakikaribia stesheni. "Wanangu wananuka samaki. Juzi mwalimu kawarudisha nyumbani, wakaoge. Waoge na nini? Nimewasugua na mchanga mpaka wanalia. Sitaki ya magendo. Nataka mche mmoja tu, kwa bei ya serikali."

"Nakuapia, sina," Cleophace akasema, na pumzi mbili ndani zikawa tatu, maana kuongea na kukimbia ni kazi mbili. "Ningekuwa nayo ningekupa."

"Ndiyo mnavyosema wote."

Hapo akakasirika kweli. Akaachia miguu. Wakaupanda mlima wa mjini kama wanaofukuzana, wakapita Nyamagana chini ya miti, mgambo wakawatazama bila kuuliza kitambulisho kwa sababu hakukuwa na muda wa kuuliza. Wakaanza kuteremka ziwani. Cleophace alijua, bila kuambiwa na saa, kwamba hajawahi kukimbia hivi tangu azaliwe. Aliiona bustani. Aliyaona maji. Alimwona Mwalimu Mihayo amenyanyua mkono wenye saa.

Kisha akauona mstari.

Haukuwa mstari tena. Mawe ya Mwalimu yalikuwa yamezaa. Nyuma ya kila jiwe kulikuwa na jiwe jingine, na tofali, na kopo, na ndoo, na kibuyu, na mama aliyekaa chini na mtoto, na nyuma yao watu wamebanana kifua kwa mgongo hadi nje ya bustani, lami yote imefungwa. Mwalimu Mihayo alikuwa upande wa pili, sauti imemkauka.

"Wapisheni! Mpisheni mkimbiaji!"

"Nani apishwe?" likajibu jibaba moja la mbele. "Apange foleni!"

"Nipisheni, ndugu zangu, ni hatua chache tu!" Cleophace akalia, akipenyeza bega.

"Aa, aa! Karani ndiye wa kwanza kuruka foleni! Mnamwona nshomile? Kwa sababu kasoma!"

"Nyuma! Nyuma kabisa!"

Wakamshika mikono miwili, bila kumpiga, kwa utaratibu mzuri wa wananchi wanaojua haki zao, wakamrudisha. Alikuwa akilitazama lile pengo katikati ya mawe. Lilikuwa karibu kiasi kwamba angelitemea mate. Nyuma yake zikafika zile nyayo. Pa, pa, pa.

"Hodi jamani," akasema Perez Aluoch. "Tofali langu lipo?"

"Lipo, mama!" umati ukaitika. "La mbele kabisa. Mpisheni mama Aluoch, tofali lake limewekwa kabla ya filimbi."

Foleni ikafunguka kama pazia. Perez akapita katikati mbio mbio, akavuka mawe ya Mwalimu Mihayo, akasimama juu ya tofali lake, akaweka kikapu chini. Na Mwalimu Mihayo, ambaye kazi yake maishani ni kutazama mstari na kutazama saa, aliutazama mstari, akaitazama saa, akaubana mdomo. Akaitazama tena.

"Mama," akasema. "Unaitwa nani?"

Cleophace alizunguka kwa kupitia majini, raba zikaloa, akamfikia kocha.

"Mwalimu, umeniona! Nilikuwa mbele!"

"Nilikuona umesimama."

"Nimesimamishwa!"

"Ndugu Bagenda, saa yangu haijui nani kasimamishwa. Inajua nani kavuka. Aliyevuka ni mama huyu, na timu yangu ya wanawake haina mtu mwenye muda kama wake."

"Basi nitakimbia tena. Sasa hivi."

Kocha akamtazama miguu, ikitetemeka kama ya ndama. "Una miguu?"

"Ninayo."

"Mimi sina mstari."

"Tuweke mwingine, pale mbele!"

Mwalimu Mihayo hakuwa mtu mbaya. Akatembea hatua kadhaa, akainama, akaweka jiwe moja chini. Kabla hajaokota la pili, nusu ya foleni ilikuwa imeshahamia nyuma ya lile la kwanza. Vurugu ikazuka kati ya foleni kongwe na foleni mpya, ipi ni ya halali, na makopo yakaanza kuruka.

"Unaona?" kocha akasema. "Waondoe hawa, nami nitakupigia filimbi. Mpaka saa ya simu. Nikipiga simu, basi."

Cleophace akapanda juu ya jabali. "Ndugu wananchi!"

Wote wakanyamaza. Hajawahi kunyamaziwa hivyo maishani. Nyuso zile zote zilizomsonya dukani zilikuwa zimeinuliwa kwake, zinangoja, na aliona wazi, kama anavyoyaona maji yale, namna ya kuwaondoa. Sentensi moja tu. Sabuni imeshushwa Buzuruga. Wangeondoka kama kundi la njiwa, lami ingebaki tupu, naye angekimbia. Kwa mara ya kwanza wangeyaamini maneno yake yote.

Akamwona yule mzee wa debe, wa siku ya kwanza, ameketi juu ya debe lake, anajikanda goti. Kutoka hapa hadi Buzuruga, mwisho wa mji, kwa goti lile.

Kinywa kilikuwa wazi. Kikakaa wazi hivyo hadi mtoto mmoja akaanza kucheka.

"Hakuna," akasema Cleophace. "Hakuna sabuni. Hakuna sukari. Hakuna kitu. Nendeni nyumbani."

Wakacheka bustani nzima. Hakuna aliyejongea hata kwa unyayo.

"Teremka, Bwana Hakuna!" jibaba likasema. "Tutangoja!"

Mwalimu Mihayo akangoja naye, kwa uungwana, hadi jua likawa kali. Kisha akavaa saa yake mkononi.

"Mama Aluoch, njoo tuongee. Utakwenda Dar es Salaam kukimbia kwa niaba ya mkoa."

"Kukimbia tu?"

"Kukimbia tu. Na fulana utapewa."

Perez alifikiri. "Na huko Dar sabuni ipo?"

"Huko," kocha akasema kwa tahadhari, "nasikia ipo."

"Basi niandike. Lakini mtu anishikie tofali langu." Akamgeukia Cleophace, uso wake hauna kejeli hata kidogo. "Kaka, pole. Ungeweka na wewe lako asubuhi."

Wakaondoka wawili hao kuelekea posta kwenye simu. Cleophace alibaki amesimama pembeni ya lami, chumvi ya jasho imemkauka kwenye nyusi. Miguu ilikuwa inamuuma bure. Alitaka kwenda nyumbani, ila nyumbani kulikuwa na Immaculata na swali lake la sabuni, na kesho kutwa kulikuwa na kaunta. Akaitazama foleni. Watu walikuwa wametulia sasa, wanasimuliana, wamepanga makopo vizuri, wamechagua na kiongozi. Watu wengi hivi, tena wazima, wenye uzoefu. Wazo la kijinga likaanza kumtekenya, akalifukuza, likarudi. Yeye ni karani wa duka moja tu. Je, anajua mambo yote ya mji huu?

Akavuta hatua, polepole, akasimama mkiani.

Muda si mrefu akaja bibi mmoja wa Kikerewe na chupa tupu mkononi.

"Shikamoo, bibi," Cleophace akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye wa mwisho?"

"Ndiyo mimi, bibi."

Bibi akaiweka chupa yake chini, nyuma ya visigino vya Cleophace, akaisogeza kidogo ikae sawa na mstari.

"Basi nishikie hapa," akasema, "nikawaite wenzangu."